Nyuma ya Jipsamu

Ukuta wa Bi Tusekile, kule Uyole,
ni mweupe kama sembe, na unadanganya.
Nimeugonga kwa kifundo cha kidole:
sauti ya debe, si ya nyumba.
Kabati limelala chali sakafuni,
la mkongo, milango minne;
vijana watatu walilishusha kwenye Kirikuu
wakitukana kwa adabu.
Na hapo bado halijala sahani.

Dukani Mwanjelwa kijana alinimwagia fisha kaunta nzima:
za njano, za kijivu, nyekundu ndogo kama meno ya mtoto,
na zile za chuma zenye mabawa
zinazojikunjua zikishapita tundu, kama popo.
"Hizi, fundi, zinabeba chochote."
Chochote ni neno la muuzaji.
Mimi nina neno langu: Tukuyu.

Tukuyu nilitundika kabati kwenye jipsamu tupu,
kwa mabawa hayo hayo, maana tajiri alikuwa na haraka.
Lilikaa siku tisa.
Usiku wa kumi ardhi ikakohoa, kama inavyokohoa huku kwetu,
tetemeko la kuamsha kuku tu,
na kabati likashuka na kipande cha ukuta mgongoni,
kama mlevi aliyeanguka na shati la mwenziwe.
Vikombe ishirini na vinne. Nilivilipa kwa miezi mitano.
Hakuna aliyeumia.
Hilo hulisema haraka, kabla sijaulizwa.

Kwa hiyo leo natoboa kwanza tundu moja la kuuliza.
Vumbi jeupe, laini, linashuka kama poda.
Kisha hakuna kitu. Mkono unateleza mbele
ndani ya uwazi, sentimita mbili na ushee,
giza ambalo mtu alilificha, akalipwa.
Kisha biti inagota.
Naiweka drili kwenye nyundo, naegemea,
na linatoka vumbi jekundu.

Bi Tusekile alikuwa anamenya viazi. Kisu kimesimama.
"Ni la tofali hilo?"
La tofali, mama. La kuchoma.
Anakuja, analichota kwa ncha ya kidole.
"Tanuru la Inyala. Marehemu alikesha nalo siku nne,
ya tatu ikanyesha, nusu yakatoka mabichi.
Halafu mwanangu akaleta watu wa jipsamu.
Alisema nyumba inaonekana ya zamani."
Haongezi neno. Nami nitajibu nini?
Mimi ni mtu wa skrubu.

Nusu yakatoka mabichi: hilo ndilo nililolisikia mimi.
Natafuta yaliyoiva.
Moja linasagika kama biskuti, naliacha.
Jingine linapiga kelele, biti inanuka moto: hapo.
Si kwenye udongo wa viungo, kati ya tofali na tofali,
bali katikati, penye mwili.
Fisha ya nailoni, milimita kumi,
inazama yote ndani ya wekundu;
jipsamu haipewi kazi yoyote.
Na kwenye uwazi nachomeka kipande cha bomba la maji,
nimekikata kwa msumeno sawasawa na lile giza,
ili nikikaza, ukuta wa uongo usibonyee.
Skrubu nne zingetosha.
Nimefunga sita. Mbili ni za Tukuyu.

Limepanda. Nikalishika kwa mikono miwili
nikaning'inia, miguu juu, kilo sabini na mbili na viatu.
"Shuka, baba, majirani wataona!"
Sikushuka mara moja.
Nilikuwa nasikiliza.

Sakafuni, mafungu mawili, jeupe na jekundu.
Nilishika ufagio, akaniambia acha, nitafagia mwenyewe.
Kisha tukabishana bei ya fisha mpaka viazi vikaiva,
na naondoka, lile jekundu bado lilikuwa pale.