Wari Moja

Kocha, hunijui. Mimi ni fundi cherehani,
Mwananyamala, nyuma ya mashine ya kusaga,
na yadi moja naijua kuliko wewe.

Bibi yangu aliiita wari. Mikono miwili,
kiwiko hadi ncha ya kidole, mara mbili, basi.
Inatosha shati la mtoto wa darasa la kwanza
na mfuko wa kalamu, ukikata kwa akili.
Ulikuwa nayo. Jaribio la nne, wari moja,
dakika nne zimebaki, majitu matano mbele,
kila moja zito kama friji la bucha,
na wewe ukamwita mpiga teke.

Mpiga teke!

Niko macho tangu saa kumi alfajiri.
Kompyuta yangu haina betri, inaishi kwa waya,
LUKU ya elfu mbili nimeitia kwa ajili yako.
Bando la wiki limeliwa na lile duara
linalozunguka katikati ya kioo
wakati wenzangu duniani wanashangilia.
Bi Mashavu kaja kuwasha jiko la maandazi,
akachungulia: "Bado wamevaa makofia?"
Adhana ikapita. Jogoo wa kina Ngwale akapita.
Huku jasho, kwenu theluji.

Hapa mtu huulizwa swali moja tu, Simba au Yanga.
Nikisema sina, wanadhani naficha.
Nikieleza, Shomvi kinyozi huzima mashine acheke vizuri:
"Mpira wa miguu unaobebwa kwapani!
Wanacheza sekunde sita, wanaitisha kikao."
Kuhusu vikao siwezi kumbishia.
Dakika yenu ya mwisho ni ndefu kuliko hotuba ya mgeni rasmi.
Matangazo ya malori na bia, malori na bia,
na mimi sinywi, na sina lori.

Yote yaliletwa na belo la Karume.
Jezi ya kijani, namba hamsini na nne, bega limechanika.
Niliinunua buku tatu, nipate viraka.
Nikaigeuza ndani nje nione mishono:
sindano mbili, uzi wa nailoni,
na kwapani kipande cha pembe nne
ili mkono upande juu bila kuvuta kiuno.
Aliyeshona vile alimheshimu mvaaji.
Nikataka kujua mvaaji ni nani.
Ndivyo nilivyopotea.

Miaka tisa, kocha. Makocha watatu nimewazika.
Hamsini na nne mlishamuuza,
anawakaba nyinyi wenyewe sasa, na anakaba vizuri.
Na yule mrushaji wenu anautupa mpira
kama mtu anayemwaga maji machafu gizani
bila kuuliza nani anapita.
Kimbieni! Nimesema tangu Oktoba, kimbieni.
Nani anisikie? Cherehani?

Halafu ni Januari, shule zimefunguliwa.
Sketi kumi na moja za bluu zinanidai pindo.
Saa moja na robo mama Tunu yuko mlangoni,
mtoto kavaa shati jeupe na kanga kiunoni,
mwalimu wa zamu hana utani,
na mimi nasema, "Subirini, jaribio la nne."

Mama akaguna. Tunu akaja kutazama.
"Wamebakiza kiasi gani?"
Nikavuta utepe kutoka ukingo wa meza
hadi ulipogusa kifungo cha shati lake.
Akatazama utepe. Akatazama kioo.
"Mbona padogo? Si waende tu?"

Darasa la pili, kocha. Anajifunza kujumlisha kwa vijiti.

Mpira ukagonga nguzo ya kulia,
ukaanguka upande wa huku, kwetu tunaolia.
Nikaikanyaga cherehani kama namkanyaga mtu.
Pindo likaenda mrama. Nikalifumua.
"Fundi," mama Tunu akasema, taratibu,
"kwani walikuwa wanakudai?"

Sikujibu, nilikuwa na pini mdomoni.

Mtoto kachelewa, kaenda anakimbia,
akamkwepa muuza maji, akamkwepa mbuzi,
akapita katikati, moja kwa moja.
Umeona? Hukuona.
Septemba, basi. Lakini fikiria.