Makali ya Pili

Kwanza ilikuwa kelele ya mtu mmoja:
Chilumba, nyuma ya stendi ya Newala,
akikata springi ya gari bovu
apate kisu cha kubangulia korosho.
Mkewe, Somoe, alikijaribu. Kikavunja punje.
"Tengeneza kingine," akasema, akizitafuna zile nusu.

Kisu cha saba kilitoa korosho nzima.
Jirani yake Litunungu akakiiga mchana kweupe,
akaongeza makali ya pili kwa chini,
kikawa bora kuliko cha mwenyewe.
Chilumba alinuna siku tatu.
Ya nne akaenda kuazima kipimo.

Hapo ndipo mtaa ulipozaliwa, mimi nasema,
si siku ile ya utepe na maturubai.

Akaja muuza bolti. Akaja mama wa chai na mihogo.
Akaja kijana wa VETA, vidole vimebabuka kwa mafuta ya ganda,
akachora mashine mchangani kwa kijiti,
wakabishana naye mpaka umeme ukarudi.

Leo wageni wa Benin na Kambodia
wanapiga picha mabati yetu yenye kutu,
wanauliza nani aliyetupangia.
Somoe huwapa nusu punje, waonje.

Nami niliyeandika risiti ya kwanza
kwenye daftari la hesabu la mwanangu
sasa nanakili anwani nisizoweza kuzitamka.

Lakini malori ya korosho ghafi bado yanapita hapa,
magunia yameshonwa midomo,
yanashuka bandarini Mtwara.
Tunazima mashine, tunayahesabu.
Jana yalikuwa kumi na manne.