Fundi Anakuja Kesho

Kesho saa tatu Chilongani atapanda juu ya bati
kupima jua letu.
Leo nimeanua mlenda uliokuwa ukikauka huko,
nimeshusha mawe mawili, ndala moja ya Nyemo,
antena isiyokamata kitu tangu kabla Dodoma haijaitwa jiji.
Vumbi la Chamwino nimefagia, limerudi.

Kwenye daftari nimeandika kila kinachokula umeme:
taa nne, redio, simu tatu,
friji. Friji niliifuta, nikairudisha,
kuota nako hakulipiwi.
Na saa ngapi kila kimoja? Alisema niwe mkweli.
Taa ya korido: usiku kucha.
Sikuandika kwa nini.

Betri inataka pakavu, penye hewa, mbali na jiko.
Nyumba nzima nimepaona pamoja tu,
pembeni pale inapoegemea baiskeli yako.
Nimeipeleka uani. Tairi hazina upepo,
kengele bado inalia.

Umebaki mwarobaini ulioupanda mwaka wa njaa.
Kivuli chake hufika batini saa tisa.
Nimenoa panga, nikaliegemeza mlangoni,
halafu nikalirudisha ndani.

Apime na kivuli.