Msasa

Dada Kokuhirwa aliniambia: kuta zote nyeupe.
"Kuta zinyamaze, picha ziseme."
Nikanunua ndoo nane, msasa na kikwaruzo,
nikaanza na chumba cha mbele, kinachotazama bandari.

Rangi ya kwanza kung'oka ilikuwa krimu:
miaka ya minofu, ofisi ya sangara,
mhasibu na feni yake, ndege ya mizigo ikisubiriwa.
Hata leo ukiulowesha ukuta huo unanuka samaki kidogo,
au ni pua yangu tu, mzaliwa wa Igogo.

Chini ya krimu, kijani cha ushirika.
Hapa palikuwa na dirisha la malipo;
mbao zake zimelika kwa viwiko vya wakulima
waliotoka Magu, Misungwi, Kwimba,
kadi za pamba mfukoni,
wakaambiwa: njoo Jumatatu.
Jumatatu ngapi? Msasa hauhesabu.

Chini ya kijani, buluu ya chokaa.
Buluu ya Virchand Ladha, aliyejenga mwaka wa thelathini na nne
kwa mawe yaliyopasuliwa kwa moto mlimani,
duka mbele, watoto juu, marobota ya pamba nyuma.
Mwaka wa sabini na moja serikali ikaichukua,
na mwanawe akashuka ngazi na mizani begani.
Mizani tu, wanasema.
Wengine wanasema na redio.

Nyuma ya mlango wa jikoni mkono wangu ukasita.
Mistari ya penseli, mmoja juu ya mwingine kama ngazi ya kuku,
kila mmoja na jina kwa herufi za Kigujarati
zilizopinda kama ndoana.
Na pembeni, mstari mmoja hauna jina.

Huo naujua.
Bibi Ng'washi alikuwa yaya wa nyumba hii,
na mama yangu, Nyanzobe, alipimwa hapa mara moja tu,
siku ya mvua, watoto wa nyumba walipochoka na michezo mingine.
Mimi nilidhani ni hadithi ya kunibembelezea uji.

Nikaweka msasa chini.
Nikaacha upana wa mkono mmoja bila rangi.
Dada Kokuhirwa akaja, akatazama, akanuna,
akatazama tena.
Kesho yake akaleta taa ndogo, akaielekeza pale.

Siku ya ufunguzi wageni walishika glasi za juisi.
Mmoja aliuliza mchoraji ni nani, na bei yake.
Mama akapita katikati yao na kanga yake ya Jumapili,
akavua viatu, akaegemeza mgongo ukutani,
akaweka kiganja utosini.
Mstari ulimfika chini ya bega.
Aligeuka akautazama kwa muda
kama mtu anayekagua chenji.

"Huu ni mwongo," alisema.
"Nilinyanyua visigino."