Namna ya Kumshika

Usimnyanyue kwa masikio, Rukia.
Masikio si mpini.
Yana mishipa myembamba inayotoa joto mwilini,
na mwezi huu wa Februari, hapa Konde,
bati likialika kwa jua,
ndiyo feni yake ya pekee.

Kiganja kimoja chini ya kifua,
cha pili kibebe makalio.
Mbane ubavuni
kama ubebavyo sinia ya vikombe
mbele ya mawifi wanaokutazama miguu.

Kisha nyamaza. Tega sikio tumboni.
Tumbo la sungura mzima halikai kimya,
lina michuruziko, lina minong'ono,
kama maji yanayotafuta njia chini ya kifusi.
Likinyamaza, chai yako iweke chini.

Wiki iliyopita kaletwa mmoja ndani ya pakacha.
Hamadi Shoka, kijana wa Kiuyu,
kapiga baskeli tangu alfajiri.
"Hajala tangu jana magharibi," kasema,
"lakini mtulivu, halalamiki."

Halalamiki!
Huyu ni mnyama wa kuliwa, Rukia.
Akilia, fungo husikia, mwewe husikia.
Maumivu huyameza,
na akimezacho hakirudi:
hakuumbiwa kutapika.
Nikasogeza sikio mdomoni pake.
Meno yanasagana polepole, krr, krr.
Hicho ndicho kilio. Kijifunze.

"Umempa nini?"
Katoa mfukoni kidonge cha rangi mbili,
nusu, kimefungwa kikaratasi cha daftari la skuli.
"Mama alikibakisha, cha kikohozi."
Kampa kwa huruma, na huruma ile
ikawafagia vijidudu wema wa tumboni,
vibarua wasiolipwa
wanaomchachushia majani yake.
Sikumgombeza. Nani alimwambia?

Maji ya uvuguvugu chini ya ngozi ya shingo.
Ukoka uliopondwa, bomba la sindano pembeni mwa mdomo,
tone, mapumziko, tone.
Vidole tumboni, vikizunguka,
mpaka adhana ya isha, mpaka umeme ukakatika,
mpaka nikawa namkanda kwa tochi ya simu.

Saa tano na nusu kaangusha punje tatu.
Kavu, ndogo, kama pilipili manga.
Nikampigia Hamadi usiku ule ule:
"Kanya!"
Nikasikia nyumba nzima ikishangilia
kama kazaliwa mjukuu.

Alfajiri nikamkuta kajikunja,
anakula choo chake laini moja kwa moja kutoka kwenye mkia.
Usikunje uso. Si uchafu ule, ni daku yake,
chakula kinapita mara ya pili ndipo kinapomfaa.
Nilikaa chini nikamtazama kama ninatazama harusi.

Hilo ndilo ninalowasimulia wageni.

Wewe nakwambia na jengine.
Mwaka wangu wa kwanza, Wete.
Mtoto wa darasa la tatu, Zamzam,
kamleta jike jeupe, masikio yamejaa magamba,
utitiri tu, sindano moja na nyengine baada ya wiki mbili.
Kazi ya dakika tano.
Nikamshika mbele. Miguu ya nyuma nikaiacha ining'inie.
Kapiga teke mara moja, hewani,
na mimi nikasikia mlio mdogo
kama njiti ya kibiriti.

Mifupa yake ni myepesi, misuli ina nguvu.
Mgongo wake kauvunja mwenyewe,
ndani ya mikono yangu.

Zamzam kasimama kwenye ncha za vidole kuchungulia mezani.
"Ameshapona?" kaniuliza.
"Mbona ametulia?"

Daftari la siku ile liko kabatini, rafu ya chini.
Nimeandika tarehe, jina la mwenye mnyama,
na mbele yake: *utitiri wa masikio.*
Sikuandika lingine.

Haya, mtoe yule mweusi.
Anauma kidogo, usiogope kuumwa.
Makalio, Rukia. Makalio kwanza.