Kipengele cha Saba

Jumanne, saa mbili kasorobo asubuhi,
mvua ya Wakefield ikipiga kwa ubavu,
Keeley ananikabidhi mtoto mlangoni
kama mtu anayetua sufuria ya moto:
haraka, bila kutazama vidole.
"Kalala vizuri. Ni meno tu."
Keshageuka. Basi la ghalani halimngoji mtu.

Nimeinama kumvua Rowan buti,
pumzi yake ikanifikia:
stroberi.

Miaka kumi na tisa nalea watoto wa watu.
Naijua stroberi ya jamu, na ya mtindi,
na ile ya tatu, ya chupa ya kahawia,
inayoshusha homa mpaka saa tano hivi
kisha ikaondoka kama mgeni asiyeaga.

Sikusema kitu. Nikamenya tufaha.
Tukajenga mnara, Zofia akaubomoa,
tukaujenga tena.
Saa tano na dakika kumi mashavu yakawaka.
Saa tano na robo akatapika
juu ya zulia, juu ya ng'ombe wa mbao,
juu ya soksi yangu.

Simu za wafanyakazi wa ghala
hufungiwa kabatini hadi mapumziko.
Nikaacha ujumbe. Nikaacha wa pili.
Alifika saa nane, kizibao cha njano bado mwilini.
"Saa arobaini na nane," nikamwambia,
"tangu atapike mara ya mwisho."
Alikwisha kuanza kuhesabu, niliiona midomo:
Jumatano, Alhamisi.
Asipokwenda kazini, yeye halipwi.
Asipokuja mtoto, mimi nalipwa.

Ndivyo kisemavyo kipengele cha saba.
Nilikiandika mwenyewe, mezani hapa,
mwaka ule tetekuwanga ilipowapitia kwa zamu
nami nikala mkate na maharage ya kopo wiki tano.
*Mtoto akiugua, ada ni kamili.
Nafasi yake imetunzwa.*
Maana ninachouza ni nafasi:
kiti chenye mkanda, kikombe cha kijani,
kulabu yenye picha ya bundi.
Siwezi kumkodisha mwingine bundi kwa siku mbili.
Sheria imenihesabia vichwa,
na bili ya gesi haiulizi nani anaumwa.

Dawa ya deni ni kulipa. Sawa.
Lakini pale mlangoni, asubuhi ile,
Keeley alipomimina stroberi ndani ya uongo,
kipengele changu ndicho kilichomshikia kijiko.
Hilo nililijua nikiwa nasugua zulia.

Alhamisi usiku naandika ankara.
Jumatano: kamili.
Nafuta. Nusu.
Nafuta nusu. Kamili.
Dada yangu Noreen, muuza nyuzi za kufumia,
husema huruma haina risiti.
Nafuta tena.

Ndipo tumbo langu likageuka.

Saa tisa za usiku, magoti kwenye vigae vya bafu,
nikiukumbatia mdomo wa choo,
nilicheka kidogo. Ugonjwa haukusoma mkataba.
Alfajiri nikawaandikia wazazi wote wanne:
Leo sifungui. Leo hamlipi.
(Hicho ni kipengele cha nane.)

Mama yake Zofia akatuma pole na ua.
Baba wa mapacha akauliza: sasa mimi nifanyeje?
Keeley hakujibu.
Ijumaa ndiyo siku aliyokuwa arudi kazini.

Saa nne kengele ikalia.
Nilipofika, nikijishika ukutani,
barazani hapakuwa na mtu. Palikuwa na mfuko:
biskuti kavu, ndizi mbili,
na ile chupa ya kahawia, imebaki robo,
kijiko chake kimeoshwa.

Dozi ya mtoto. Haitanifaa kitu.
Nikainywa yote, nimesimama,
mbele ya ankara ambayo sijaimaliza:
pale penye Jumatano karatasi imetoboka,
na ubao wa meza unaonekana.