Skrubu ya Arubaini

Nilikwenda Mwembe Tayari na kipande cha boti mkobani,
kimefungwa gazeti kama samaki.
Gulamabbas akakigusa kwa ukucha, kikamwagika unga.
"Bi Mwanate, hiki kilikuwa plaiwudi?"
"Kilikuwa," nikamjibu, "kama mimi nilivyokuwa msichana."
Hakucheka. Alikuwa anatafuta bei.

Akanitolea mbao za povu tatu:
nyeupe, ile inayokuja na televisheni ndani ya boksi;
buluu, ya dari za wenye pesa;
na ya manjano, nyembamba,
aliyoishika kwa mikono miwili kama mkate wa mofa wa moto.
Nikaomba makombo nikayajaribu.
Akasema makombo hayauzwi.
Basi nipe bure.

Nyumbani Mikindani, nyuma ya choo,
boti imelala juu ya matairi manne,
tumbo wazi, kama mgonjwa aliyesahauliwa na daktari.
Nikayadondoshea makombo petroli:
nyeupe ikatoweka, ikabaki kamasi;
buluu ikakunja uso, ikaifuata;
ya manjano ikanitazama tu.
Nikajua nitauza bangili.

Skrubu nazo nikazitia chupa ya jamu, maji ya chumvi,
dirishani, kando ya redio.
Siku ya tatu ya zinki ikaanza kulia machozi mekundu.
Siku ya tisa shaba ikaota kijani.
Ya chuma cha pua, shilingi arubaini na tano moja,
ikabaki vile vile, na kiburi cha bei yake.

Ndipo nikaanza kufungua zake marehemu,
kwenye tezi, pale mashine inapofungwa.
Thelathini na tisa zilikatika shingo,
bisibisi haijazigusa vizuri.
Ya arubaini ikazunguka, pole pole, ikatoka nzima,
imevishwa gundi ya zamani, fupi, kichwa bapa.
Niliijua kabla sijaifuta.

Ni ya cherehani yangu.
Ile iliyopotea mwezi wa kushona sare za madrasa,
nikamchapa Shekue kwa kandambili
hata akakiri ameitupa chooni.
Mtoto wa miaka saba, akakiri.
Na babake yuko mlangoni, gundi vidoleni,
akasema: "Yatosha sasa."

Siku za mwizi arubaini, wasema.
Wangu alipewa miaka kumi na sita,
na akazikwa na heshima zake.

Alfajiri nachanganya epoksi,
mbili za gundi, moja ya hadina,
kwa kikombe cha dawa ya kikohozi,
kidogo kidogo, maana joto la Mombasa halimngoji fundi:
jana ilichemka mkononi, ikafuka moshi, ikawa jiwe,
mia nane zangu zikaganda na kijiti ndani.
Leo nakoroga nikihesabu.
Sikorogi kwa hasira. Hasira hutia mapovu.

Nilimpigia Shekue, Doha.
"Skrubu gani, mama?"
Nyuma yake winchi ilikuwa ikipiga kelele.
Nikamwambia basi, mambo ya boti tu.

Gulamabbas amehesabu mara mbili juu ya kaunta.
"Za chuma cha pua thelathini na tisa?
Juzi ulisema tundu ni arubaini. Umekosea."
Nikamwambia sikukosea, afunge mzigo.